Kolaji zangu zinageuka njano na kuota madoa: je, kosa ni la gundi?

"Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Tanga. Tangu mwaka juzi natengeneza picha za kubandika, yaani kolaji, kwa magazeti, vipande vya khanga, risiti, tiketi za basi na vizibo vya soda. Nabandika kwenye manila kwa gundi nyeupe ya maseremala, kisha napaka vanishi ya mbao ili picha ing'ae na ijikinge. Zikiwa mpya zinapendeza. Lakini baada ya masika ya mwaka huu karibu zote zimeharibika: magazeti yamekuwa rangi ya chai, manila imejikunja, na picha tatu zimeota vidoadoa vya kijivu. Mteja mmoja amenirudishia picha baada ya miezi saba na anataka hela yake. Moja ya zile zenye madoa ina picha halisi ya marehemu bibi yangu, ya studio ya zamani, nyeusi na nyeupe, na naona kama imeanza kugandana na kioo cha fremu. Fundi mmoja ameniambia gundi yangu ni feki, ninunue ya bei kubwa. Mwingine kasema niongeze vanishi. Mume wangu anasema niache tu, maana sebule imejaa magunia ya takataka. Nifanye nini?"

Marahaba, mwalimu. Nianze na bibi, maana hao wengine wanaweza kusubiri.

Iteremshe fremu hiyo leo hii, uilaze mezani mahali pakavu penye hewa, mbali na jua. Usijaribu kuibandua picha kwenye kioo. Usiingize wembe, usipitishe kitambaa chenye maji, usiipashe kwa pasi. Picha za studio za miaka ile hubeba sura ya mtu ndani ya utando mwembamba wa jelatini, kitu kinachotokana na mifupa na ngozi za mifugo. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, utando huo huvimba na kulainika, ukanata kama peremende iliyonyonywa, na ukigusana na kioo hushika. Ukivuta, karatasi itatoka na uso wa bibi utabaki kwenye kioo. Kwa sasa mpige picha kwa simu, pembeni ya dirisha, bila mwanga wa flashi, kutoka pembe mbili tatu. Nitamrudia.

Sasa hayo mengine. Swali lako ni moja lakini maradhi ni matatu, na kila moja lina chanzo chake. Njano ni ugonjwa wa karatasi yenyewe. Kujikunja ni ugonjwa wa maji. Madoa ni ukungu, na ukungu ni ugonjwa wa mahali. Mafundi wako wawili wametafuta dawa moja ya yote matatu, ndiyo maana mmoja kaiona kwenye gundi na mwingine kwenye vanishi. Gundi nyeupe ya seremala, kama haijapitwa na wakati na haijachanganywa maji kupita kiasi, inabandika karatasi vizuri tu. Mimi mwenyewe naitumia. Kwa vanishi, ukweli hautakufurahisha, lakini nitausema tukifika huko.

Tuanze na gazeti. Karatasi ya gazeti hutengenezwa kwa kuusaga mti karibu wote, ukishaondolewa magome. Ndani ya mti mna vitu viwili vinavyotuhusu: selulosi, ambayo ndiyo nyuzi zenyewe, na lignini, ambayo ndiyo inayozishika nyuzi hizo pamoja mpaka mti ukasimama. Karatasi nzuri ya kuandikia hupikwa kwa kemikali ili lignini itoke. Ya gazeti haipikwi hivyo, kwa sababu gazeti limekusudiwa kuishi siku moja na jioni yake lifungie maandazi. Lignini ikikutana na mwanga na hewa hubadilika rangi, na katika kubadilika huko huzaliwa asidi. Asidi nayo huzikata nyuzi za selulosi vipande vipande, ndiyo maana gazeti la zamani halichaniki bali hukatika kama kaukau. Ubaya mwingine ni kwamba asidi haikai nyumbani kwake. Huhamia kwenye karatasi jirani, hata kama jirani huyo alikuwa mzima.

Ukitaka kuiona kwa macho, fanya jambo hili na wanafunzi wako. Chukua ukurasa wa gazeti la leo, uweke juani kwenye kizingiti cha dirisha, ufunike katikati yake kwa sahani. Baada ya siku chache ondoa sahani. Utaona duara jeupe katikati ya karatasi iliyoanza kuiva. Hakuna gundi hapo wala vanishi.

Na usidhani ni wewe peke yako. Picasso alipoanza kubandika vipande vya gazeti kwenye michoro yake mwaka 1912, karatasi ile ilikuwa ya kijivu hafifu, karibu sawa na karatasi nyeupe iliyo chini yake. Leo vipande hivyo vimekuwa rangi ya udongo, na watu wanaziangalia picha zile makumbusho wakidhani ndivyo alivyozikusudia. Kwa hiyo kugeuka njano kwenyewe si aibu. Aibu ni kumuuzia mtu kitu bila kujua kwamba kitageuka.

Una njia tatu hapa. Ya kwanza ni kukubali: tumia gazeti ukijua litakuwa rangi ya chai, na panga rangi nyingine za picha zikubaliane na chai hiyo tangu mwanzo. Ya pili ndiyo ninayoipenda kwa kazi za kuuza: toa fotokopi ya ukurasa unaoutaka kwenye karatasi nyeupe nzuri, ubandike fotokopi. Wino wa fotokopi ni masizi yaliyochanganywa na plastiki, ukayeyushwa juu ya karatasi kwa joto. Hautishwi na gundi ya maji na haupauki haraka. Usiichanganye na karatasi iliyochapwa kwa printa ya wino wa majimaji. Ile ukiipitishia brashi yenye gundi inalia machozi ya buluu. Kuna watakaokuambia fotokopi si uaminifu, kwamba kolaji ni kitu halisi kilichookotwa. Mimi nawajibu kwamba Romare Bearden wa Harlem, mmoja wa mabingwa wa sanaa hii, katika miaka ya 1960 alikata picha za magazetini, akazipanga, kisha akazikuza kwa mashine mpaka zikawa kubwa mara kadhaa kuliko zilivyokuwa. Uhalisi ulikuwa katika jicho lake.

Njia ya tatu ni kulitibu gazeti kabla ya kulibandika. Duka la dawa linauza ile dawa nyeupe ya kiungulia iitwayo maziwa ya magnesia. Chukua isiyo na ladha wala rangi, kijiko kimoja cha chai, changanya na lita moja ya maji yenye gesi yasiyo na sukari, funga, weka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi mimina kwenye sinia pana, zamisha kipande chako kwa saa moja hivi, kisha kitoe ukikishika kwa karatasi ya nailoni chini yake, maana gazeti bichi huchanika kwa kuangaliwa tu. Kilaze juu ya taulo safi kikauke. Gesi ile ndiyo inayoifanya magnesia iyeyuke ipenye ndani ya nyuzi, na ikishakauka hubaki pale ikizima asidi. Jaribu kwanza pembe ndogo, uone kama wino unatoka. Lakini nisikudanganye: dawa hii huzima asidi, lignini inabaki palepale, kwa hiyo kipande kikikaa juani kitageuka tu, ila polepole na bila kukatika upesi. Kwa picha ya kumpa rafiki ni kazi nyingi. Kwa ukurasa wenye tangazo la arusi ya wazazi wako, inafaa.

Risiti sitazizungumza sana: ziache. Risiti za mashine za siku hizi hazina wino kabisa. Karatasi yake imepakwa kemikali inayogeuka nyeusi kwa joto, na mwanga, mafuta ya mikono na baadhi ya gundi huyafuta maandishi yake. Baada ya muda huenda ukabaki na kipande cheupe. Ukiipenda risiti, itolee fotokopi siku hiyohiyo. Tiketi za basi zilizoandikwa kwa kalamu ya wino jaribu kwa tone la maji kabla hujaziamini.

Khanga nayo ina tabia yake, ila hiyo ni rahisi. Khanga mpya ifue mara mbili tatu mpaka maji yatoke meupe, kwa sababu rangi isiyotulia itaingia kwenye karatasi jirani mara gundi ikiigusa. Inyooshe kwa pasi, kisha ipake uji mwepesi wa wanga kwa nyuma na uache ukauke kabla ya kukata. Hapo itakatika kama karatasi, bila kutoa nyuzi pembeni. Ukikata jina la khanga, kata na kipande cha mji juu yake. Maneno matupu yaliyoondolewa pindo na mji huonekana kama kichwa cha habari tu.

Kuhusu manila kujikunja. Hapa ndipo penye elimu ambayo fundi yeyote wa kujalidi vitabu anayo na wasanii wengi hatukufundishwa. Karatasi ya kiwandani hutengenezwa kwenye mashine inayokimbia, na nyuzi zake hulala kuelekea upande mashine inakokimbilia, kama nyasi zilizolazwa na mto. Uzi mmoja ukinyonya maji hunenepa sana lakini haurefuki sana. Kwa hiyo karatasi ikilowa hutanuka upande mmoja kuliko mwingine. Ukibandika vipande kumi ambavyo nyuzi zake zimelala kila mmoja na upande wake, kila kimoja kitavuta kwake kikikauka, na manila iliyo chini itafuata aliye na nguvu zaidi.

Kuujua mwelekeo wa nyuzi, kata kipande kidogo cha mraba, uweke alama ya mshale kujua kilikuwa kimekaaje kwenye karatasi kubwa, kisha lowesha upande mmoja kwa ulimi au kidole. Kitajikunja mara moja kuwa kijibomba. Urefu wa bomba hilo ndio mwelekeo wa nyuzi. Njia nyingine ni kuchana: upande wa nyuzi karatasi huchanika mstari ulionyooka kama uliopigwa rula, upande wa kukata nyuzi huchanika kwa makengeza. Ukishajua, jitahidi vipande vikubwa vilale sambamba na manila. Vidogo visikusumbue, havina nguvu ya kuvuta.

Halafu punguza gundi. Naona kabisa, bila kuwa Tanga, kwamba unaimimina kutoka kwenye chupa. Weka kidogo kwenye kisosi, uisambaze kwa brashi bapa kutoka katikati ya kipande kwenda nje mpaka nje ya ukingo, ukiwa umeweka karatasi taka chini. Kama kipande ni kikubwa, kikishapakwa kiache dakika chache kitanuke chote kabla ya kukilaza. Ukikilaza upesi kitaendelea kutanuka pale juu na kufanya viputo. Kisha funika kwa karatasi ya kuokea mikate, juu yake karatasi kavu, juu yake ubao, juu yake matofali au ndoo ya maji yenye mfuniko. Badilisha karatasi kavu baada ya saa moja, halafu acha mpaka kesho. Wasanii wengi hukosa hapo pa kungoja. Picha inayokauka ikiwa imesimama ukutani itachagua umbo lake yenyewe.

Na kama huwezi kuikwepa manila, bandika karatasi ya aina hiyohiyo nyuma yake, nyuzi zikielekea upande uleule. Mvutano wa mbele utakutana na mvutano wa nyuma, watulizane. La sivyo hamia kwenye ubao. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora pale Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, alitumia vipande vya silingi bodi na rangi za kupakia baiskeli, vitu vya dukani kwa fundi ujenzi, na hiyo bodi haikujikunja kwa kila mvua. Hadibodi nyembamba uliyoipaka rangi nyeupe ya maji pande zote mbili na ukingoni itakufaa. Naye Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi ambaye kolaji zake za majarida zimezunguka dunia, kazi zake nyingi amezifanya juu ya plastiki ya poliesta. Ile hainywi maji, kwa hiyo haina sababu ya kujikunja.

Wengine watakushauri uache gundi ya dukani utumie ya kupika. Ni ushauri mzuri nusu. Wanga wa muhogo, sehemu moja kwa maji sehemu nne au tano, ukipikwa kwa moto mdogo huku unakoroga mpaka uwe kama jicho la samaki, ukachujwa kwa kitambaa, ni gundi safi mno ya karatasi. Haina asidi, haigeuki njano, na hata baada ya miaka mingi mtu anaweza kuilowesha akabandua kipande bila kukiua. Lakini tumia wanga, wala si unga. Unga wa ngano una mambo mengine ndani yake, na mende wanaupenda, na kile kijidudu cha rangi ya fedha chenye mikia mitatu kinachotimua mbio ukifungua kitabu cha zamani kinaupenda zaidi. Mwaka wako wa kwanza pwani na gundi ya unga, utajikuta umewatayarishia karamu.

Selotepu usiiguse kabisa. Nilipokuwa kijana nilitengeneza picha ya zawadi ya arusi, nikashikilia vipande kwa selotepu kwa nyuma ili nisichafue. Baada ya miaka michache mwenyewe alinionyesha: kila palipokuwa na selotepu palikuwa na doa la hudhurungi linaloangaza kama karatasi iliyofungiwa sambusa, na selotepu yenyewe imeshaanguka. Doa lile halitoki. Bado ameitundika, na mimi nikienda kwao nakaa kiti kinachoipa mgongo.

Vanishi ya mbao, sasa. Umeipaka kwa nia njema, na ndiyo iliyochangia madhara mawili. Vanishi nyingi za mbao zimetengenezwa kwa mafuta, na mafuta hayo yenyewe hugeuka njano yakizeeka. Kwenye mninga hutaona, kwenye karatasi nyeupe utaona. Pili, umeipaka mbele tu. Mgongo wa manila umeachwa wazi ukinywa unyevu wa masika, na mbele pamefungwa. Upande mmoja unavimba, mwingine hauwezi. Hapo hata manila yenye nyuzi sambamba itapinda. Kuongeza koti la pili ni kuongeza mkaidi mwingine. Vanishi ya akriliki ya kuchanganya na maji ni nafuu zaidi, lakini kwa kolaji ya karatasi kinga niipendayo ni fremu yenye kioo, kukiwa na ukingo wa kadi pembeni unaoiacha picha mbali na kioo japo kwa milimita chache. Nafasi hiyo ndogo ndiyo ingemwokoa bibi. Kwenye pwani yetu jasho hujikusanya ndani ya kioo alfajiri, na chochote kinachokigusa kitanata.

Ukungu hauletwi na gundi mbaya. Mbegu zake zimo hewani kila mahali, hata ndani ya chumba unachosomea jibu hili. Zinangoja mambo mawili, chakula na maji. Chakula ni wanga, jelatini, vumbi, mafuta ya vidole vyako. Maji ni unyevu wa hewa, na ukivuka asilimia 65 hadi 70 kwa siku kadhaa mfululizo, mbegu huamka. Tanga, Mombasa, Unguja, Dar, siku nyingi za mwaka tuko juu ya hapo, na wakati wa masika usiseme. Kwa hiyo tunachoweza ni kuinyima picha maji yaliyotulia. Je, zile tatu zenye madoa zilitundikwa ukuta wa nje, ule unaopigwa na mvua? Ningeweka dau kwamba ndivyo. Ukuta huo hunywa maji, na nyuma ya fremu iliyobanwa nao hewa haipiti. Zihamishie ukuta wa ndani, na bandika vipande vya mpira wa kandambili kuukuu kwenye pembe nne za nyuma ya kila fremu ili hewa ipite.

Za kusafisha, ngoja siku kavu. Toka nje, mbali na watoto, vaa barakoa, acha picha ikauke kivulini kwenye upepo mpaka ukungu uwe unga, kisha upanguse kwa brashi laini ukielekeza vumbi mbali nawe. Ukiufuta ukiwa mbichi unaupaka ndani ya nyuzi. Jiki usiitumie, itakula karatasi na rangi pamoja. Doa linaweza kubaki hata ukungu ukifa; hilo tena ni la kuzoea au la kubandika kitu juu yake, na kolaji ndiyo sanaa pekee inayokuruhusu hilo bila kuomba radhi.

Nikuambie basi siku yangu inavyokwenda, maana huko ndiko yote haya yanakozuilika. Kila ninachookota hakiingii chumba cha kazi. Kinakwenda kwenye ndoo yenye mfuniko iliyo barazani. Karatasi na vitambaa navifunga ndani ya mfuko wa nailoni usiopitisha hewa na kuviweka kwenye friza wiki mbili, ili mayai ya wadudu yafe, kisha naacha mfuko urudi kwenye joto la kawaida siku nzima kabla ya kuufungua, hewa ya nje isije ikatoa jasho juu ya karatasi baridi. Kama huna friza, mwenye bucha mtaani anayo, ukimweleza vizuri. Vizibo vya soda navichemsha, navifuta, navianika, na vilivyoanza kutu navipaka rangi ya kuzuia kutu kwa ndani.

Asubuhi nakata na kupanga. Kubandika nabandika kati ya saa nne na saa kumi, kwa sababu hapo ndipo hewa ya pwani inapokauka kidogo. Jioni unyevu unarudi. Na sibandiki siku niliyopanga. Naweka vipande vyote bila gundi, napiga picha kwa simu, nafunika kwa kioo, nalala. Kesho yake kitu kimoja lazima kinanichukiza. Nikisharidhika naandika namba kwa penseli nyuma ya kila kipande, cha chini kabisa kikiwa 1, ndipo nafungua gundi. Karatasi za kubandika baadaye nazihifadhi kwenye debe la biskuti pamoja na vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vinavyonyonya unyevu. Usivitupe, waombe na wauza viatu.

Na magunia ya sebuleni. Mwalimu, hapo nipo upande wa shemeji, kidogo. Gunia haliwezi kukaguliwa, na kisichokaguliwa huliwa. Joseph Cornell wa New York, aliyeishi na mama yake na mdogo wake mgonjwa katika nyumba ya kawaida ya mtaa wa Utopia Parkway, alikuwa akifanya kazi usiku mezani jikoni wengine wakiwa wamelala. Naye alikuwa mwokotaji kweli kweli. Lakini vitu vyake vilikaa kwenye maboksi yenye majina: hapa vipuri vya saa, hapa bundi waliokatwa. Chukua maboksi ya viatu kumi na mawili, siyo kumi na tatu. Kipya kikiingia na boksi limejaa, cha zamani kinatoka. Utashangaa kazi inavyokuwa rahisi ukiwa na vichache unavyovijua.

Angalizo la haraka kuhusu kuokota. Mabati na vigae vya asbestosi vya mapaa ya zamani usivikate wala kuvisugua, vumbi lake huingia mapafuni na halitoki. Rangi za zamani za milango na mashua huenda zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Usizipige msasa ndani ya nyumba, hasa ukiwa na watoto. Betri na vitu vya hospitali viache vilipo. Na kama baada ya kusafisha ule ukungu ukapata kikohozi kisichokoma au kifua kikabana, hilo ni la daktari.

Kwa mteja wako, mimi ningerudisha hela yake, au kumtengenezea nyingine juu ya hadibodi, achague. Miezi saba ni michache mno. Lakini kuanzia sasa bandika karatasi ndogo nyuma ya kila picha: imetengenezwa kwa nini, isitundikwe juani wala ukuta wa nje, na gazeti litabadilika rangi. Mnunuzi aliyeambiwa mapema hushangaa kidogo tu.

Ile aliyoirudisha usiitupe. Ilaze chini ya ubao na matofali wiki mbili, kaskazi ikiingia uibandike kitu nyuma, uone.

Bibi sasa. Kazi ya kutenganisha jelatini na kioo si ya kwako wala ya kwangu. Anaweza kuifanya mhifadhi aliyesomea picha, kwa unyevu uliopimwa, na hata yeye mara nyingine hushauri picha iachwe na kioo chake. Ukienda Dar ulizia Makumbusho ya Taifa, au ukivuka Unguja ulizia ofisi ya Nyaraka pale Kilimani, uwaombe wakuelekeze kwa mtu wa uhifadhi. Ukisafiri nayo usiifungue wala kuitoa kwenye fremu. Ifunge kwa khanga kavu, iwekee kadibodi pande mbili, uipakate. Kabla hujasafiri, ile picha uliyopiga kwa simu ipeleke kwa mtu wa fotokopi aitoe nakala mbili kwenye karatasi nzuri. Moja ndiyo utakayoibandika.